Treni Haijapita

Nchi nzima ya Oman haikuwa na treni hata moja, lakini stesheni ilikuwa nayo, na kwa bahati mbaya ya Bi Shukriya ilikuwa uani kwake.

Ilikuwa katika kijiji cha wafumaji, mwendo mfupi kutoka Ibra, ambako wanaume huketi ndani ya mashimo, miguu kwenye vikanyagio vya mitambo yao, wakafuma vikoi na mablanketi kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Mumewe, Bwana Harub, alinunua shamba pale mara tu waliporudi kutoka Tanganyika, na kila mtu akadhani atapanda mitende. Mitende alipanda, hatukatai, miwili mitatu. Kisha akajenga jukwaa refu la saruji la kupandia abiria. Mbele ya jukwaa akalaza mabomba mawili ya maji, akayapaka rangi nyeusi yawe reli, na chini yake akapanga magogo ya mtende yawe mataruma. Akatundika rimu ya lori iwe kengele. Akaweka mabenchi mawili, moja la daraja la kwanza na moja la daraja la tatu, na tofauti yake ilikuwa rangi tu. Reli zilizidi urefu wa shamba, zikatoka mpaka zikavuka njia ya kuingilia magari, na kwa kuwa penye reli na njia lazima pawe na geti, akasimamisha pale mti wenye mistari myekundu na myeupe, umefungwa debe la saruji upande mmoja, unaopanda na kushuka. Juu ya yote akapigilia ubao ulioandikwa NGURUKA, kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu.

Nguruka ya kweli ni kituo kidogo kwenye reli ya kutoka Tabora kwenda Kigoma. Huko Bwana Harub alianza kazi ya karani wa tiketi, akapanda mpaka akawa steshenimasta, na huko ndiko alikompeleka Shukriya akiwa bi harusi wa wiki moja, hajui hata kuwasha jiko la makaa.

Watu walikuja kuitazama. Walimu wa Ibra walileta wanafunzi wao, mabedui walishuka kwenye pikapu wakaligonga bomba kwa fimbo wakatikisa vichwa. Siku moja waliingia watu wa Ashkhara na gari limejaa papa mkavu, wakauliza kama treni inapokea samaki. Bwana Harub aliwajibu bila kucheka kwamba inapokea, ila hupakiwa behewa la nyuma kwa sababu ya harufu. Wakamshukuru wakaenda zao.

Wafumaji nao walikuwa na faida yao. Mfumaji anahitaji mahali parefu palipo sawa pa kutandaza nyuzi za mtande kabla ya kuzishusha shimoni, na mahali pa namna hiyo pazuri kuliko reli ya Bwana Harub hapakuwapo. Mzee Mahrous, jirani yao, Mwarabu asiyejua neno la Kiswahili ila "karibu", alitandaza nyuzi zake hapo kila asubuhi, nyekundu na nyeusi, kutoka jukwaani mpaka karibu na geti. Saa ya treni ikifika aliambiwa aondoe, naye aliondoa bila ubishi. Mtu akikupa kiwanja bure humuulizi treni yake iko wapi.

Bi Shukriya peke yake ndiye hakuwahi kulikanyaga jukwaa lile tangu saruji yake ilipokauka. Alisema yeye ameishi kwenye stesheni ya kweli, ameula moshi wake na kuyafua masizi yake, na hana haja ya kwenda kukaa kwenye ya uongo. Mumewe alipomwalika alimwambia ana sufuria motoni. Sufuria hiyo ilikaa motoni miaka tisa.

Hata hivyo angevumilia, maana kila mume ana lake, na wa nyumba ya pili alikuwa na ngamia wa mashindano aliyelishwa asali kuliko wanawe. Lakini Bi Shukriya alikuwa na binti.

Mahfoudha alikuwa mwalimu wa hesabu. Alizaliwa Nguruka, kwenye nyumba ya reli, wakati treni ya mizigo inapita, hata mkunga akasema kilio chake cha kwanza hakukisikia, alikiona tu. Alikuwa msichana wa maneno machache, na posa mbili zilikuwa zimekwisha kumharibikia. Ya kwanza ilitoka Nizwa. Bwana Harub alimchukua baba wa kijana akamweka kwenye benchi, akamwambia treni imechelewa Malagarasi, asubiri kidogo. Mtu wa watu akasubiri kwa adabu mpaka adhana ya Magharibi, akarudi kwao akasema nyumba ile ina wazimu, na wazimu hurithiwa. Ya pili ilitoka Manah, na mama wa kijana, mwanamke mzito mwenye dhahabu mpaka viwikoni, alikwenda kuketi kwenye benchi la daraja la kwanza. Bwana Harub akamwomba tiketi.

Posa ya tatu ilikuwa ya watu wa Sur, na hii Mahfoudha aliitaka mwenyewe. Kijana aliitwa Tuwaini, alikuwa karani wa idara ya elimu, kazi yake kugawa vitabu mashuleni, na kwa mwaka ule shule ya Mahfoudha ilipata vitabu vingi kuliko watoto. Mahfoudha alimwambia mama yake jikoni, huku akichagua mchele, macho hayainuki.

"Mama, hii ikiharibika, mimi nyengine sitaki."

Bi Shukriya alishikwa na hofu ya kweli. Alimjua bintiye, akisema amesema. Usiku huo huo alimweka mumewe kitako akampa masharti: kofia ya usteshenimasta haivaliwi, bendera ya kupitishia treni haionekani, kengele inafunikwa, geti linainuliwa na linabaki juu, na neno treni halitamkwi mpaka wageni wawe wamefika kwao Sur salama. Bwana Harub alikubali yote kwa upole uliomtia mkewe wasiwasi. Alisema tu kwamba stesheni haifungwi hivi hivi bila ya abiria kuarifiwa. Asubuhi ya siku yenyewe akapanda jukwaani peke yake, akatangaza kwa sauti kwamba leo huduma hakuna, uongozi unaomba radhi, kisha akaifunika kengele kwa kitambaa alichoazima kwa Mzee Mahrous, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Bi Shukriya alimwona kupitia dirisha la jikoni na roho ikamuuma kidogo, lakini aliimeza.

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba hakupewa sharti, kwa kuwa hakuna aliyefikiri anahitaji. Huyo alikuwa wifi yake, Bi Turkiya, dada wa Bwana Harub, mjane mchangamfu mwenye mikono isiyotulia. Alikuwa amefika kutoka Kigoma wiki mbili tu kabla, na mzigo wake mkubwa ulikuwa kopo la maziwa ya unga lililojaa udi.

Wageni waliingia baada ya Alasiri, gari moja, Tuwaini akiwa usukani. Wanaume wakaelekea majlisi ya mbele: Tuwaini na baba yake, Bwana Muhanna, mfanyabiashara mwembamba mwenye uso wa kuhesabu mambo. Ndani kwa wanawake akaingia Bibi Mwanamize, nyanya wa kijana, mzaliwa wa Unguja mjini aliyeolewa Sur zamani za zamani, na hakuna lililofanyika katika ukoo ule bila ya yeye kutikisa kichwa. Bi Shukriya akambusu mkono, akampa shikamoo, akapata marahaba iliyonyooka. Mambo yalianza vizuri hata akaogopa.

Sasa, Oman ziara ina mpango wake, na mpango huo haubadilishwi na mfalme wala maskini. Kwanza tende na kahawa, kisha habari za wazima na wagonjwa, kisha halwa, kisha matunda, kisha linasemwa lililowaleta watu. Mwisho kabisa ndio huja udi. Mgeni anajifukiza nguo, anashukuru, anaondoka, maana baada ya udi hakuna kukaa. Udi ndio mlango. Mwenyeji aliyechoka na wageni hana haja ya kupiga miayo, anaagiza chetezo tu na wao wanaelewa.

Lakini kwa Bi Turkiya, kule Kigoma, mgeni wa heshima hupokelewa kwa udi. Akiingia tu, moshi huo, na heshima ikizidi moshi huzidi. Alikuwa amewaona watu wa Sur walivyoshuka garini, na kwa mapenzi yake kwa mtoto wa kaka yake akawasha vyetezo viwili.

Bibi Mwanamize alikuwa na tende ya kwanza mdomoni, hata kokwa hajalitoa, pale Bi Turkiya alipoingia na wingu lake, anatabasamu meno yote. Bi Shukriya aliona jambo linakuja na hakuweza kulizuia. Chetezo kikazungushwa kikafika mbele ya bibi. Bibi Mwanamize akalitoa kokwa, akaliweka kwenye kisahani, akakitikisa kikombe chake kuonyesha kwamba kahawa imetosha. Kisha akajifukiza upande wa kulia, upande wa kushoto na chini ya shela, bila haraka wala kukunja uso. Alikuwa amejibiwa hapana kabla hajauliza, na hakutaka mtu auone moyo wake.

"Mungu awazidishie," alisema. "Tumekirimiwa." Akasimama.

Bi Shukriya akasema kaeni, bado mapema. Hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe, kwa kuwa baada ya udi kila mwenyeji husema kaeni, bado mapema. Ni adabu tu, na adabu ya mgeni ni kukataa. Akasema wallahi kaeni. Hilo nalo husemwa. Akamshika bibi mkono akaapa mara ya pili, na bibi akampigapiga mgongo wa kiganja kwa huruma, kama anayemwambia unajitahidi vizuri mwanangu, inatosha. Kila neno la kuwazuia lilikuwa limeshatumiwa na watu wote wa nchi ile kuwaaga watu.

Na ukweli hausemeki. Angesema udi umekosewa, rudini mketi, ndio amesema kwamba posa yao anaingojea, nao hawajaitamka. Mama wa msichana hajishushi hivyo. Akifanya hivyo bintiye ataingia nyumba ya watu akiwa ameshushwa bei, na kila ugomvi atakumbushwa jinsi mama yake alivyowakimbilia kwenye gari. Bi Shukriya alibaki amesimama katikati ya chumba, moshi unampita. Alitamani kumkaba wifi yake, na wifi yake wakati huo alikuwa amekwisha kupeleka chetezo cha pili majlisi, ambako Bwana Muhanna alikuwa anazifukiza ndevu zake huku anatafuta viatu.

Mahfoudha alichungulia kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, wanakwenda? Kahawa yao hata kikombe cha pili haijafika."

Uso wake ulififia, akarudi nyuma ya mlango. Bi Shukriya alipouona uso ule aliona uchungu ambao hajauona tangu alipouchimba udongo wa Nguruka kuuchukua kidogo kwenye leso siku walipohama. Akatoka kwa mlango wa uani, hajui anakwenda kufanya nini. Nje, bibi alikuwa anapandishwa garini. Tuwaini uso ulikuwa umempauka. Bwana Harub alisimama kwenye baraza la majlisi, mikono inaning'inia, ametimiza masharti yote na mambo yameharibika hivyo hivyo. Mbele ya gari, njia ilikuwa wazi mpaka barabarani, na juu ya njia ule mti wenye mistari umeinuka, umetii amri.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Bi Shukriya aliutazama mti ule kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke wa heshima halifanyi mbele ya wanaume wageni: akapaza sauti kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka wa pili.

"Bwana Harub, hawa watu wanaondokaje, na treni haijapita?"

Bwana Harub akageuka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Halafu akaelewa. Kofia ilitoka mfukoni mwa kanzu, kumbe ilikuwa nayo siku nzima, imekunjwa pamoja na bendera. Akatembea, hakukimbia, steshenimasta hakimbii, akakivuta kitambaa akaipiga kengele mpaka kuku wa Mzee Mahrous wakaruka ukuta. Mti ukashuka mbele ya pua ya gari la watu wa Sur, ukatulia.

Bwana Muhanna alishuka kuuliza kuna nini. Akakutana na mtu mwengine kabisa, si yule mwenyeji mnyonge wa majlisi. Bwana Harub alimsalimu kwa mkono wa kwenye kofia, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamweleza kwamba treni ya Kigoma iko njiani na sheria haimruhusu kuvusha gari mpaka ipite. Bwana Muhanna akauliza treni gani. Ya Kigoma, akaambiwa tena, imechelewa kidogo, na abiria wanaombwa kungoja jukwaani. Bwana Muhanna aliyatazama mabomba ya maji, akazitazama nyuzi za Mzee Mahrous zilizotandazwa juu yake, akafungua mdomo kusema jambo ambalo lingemaliza kila kitu. Mwanawe akamtangulia.

"Baba, hapa ndio hivyo. Wanafunzi wote wanajua. Treni yao lazima ingojwe."

Alisema hivyo na mikono yake ilikuwa imekwisha kuzima gari na kuutia ufunguo mfukoni.

Bibi Mwanamize aliteremshwa. Akautazama mti, akaitazama kengele ambayo ilikuwa bado inalia kidogo, kisha akamtazama Bi Shukriya, ambaye alikuwa amepanda jukwaani na kusimama pale na kanga yake ya jikoni, amesahau kabisa kwamba hapakanyagi. Bibi akapanda ngazi tatu za jukwaa polepole. Akasogea karibu.

"Mwanangu, hiyo treni yenu huchelewa sana?"

"Siku nyengine mpaka Magharibi, mama."

"Na kule tulikokuwa tumekaa, ni nyumbani kwenu."

"Ni nyumbani kwetu, mama."

"Na hapa?"

"Hapa stesheni. Stesheni si kwa mtu."

Bibi Mwanamize akafikiri. Alikuwa mwanamke aliyezaa wanane na kuozesha wajukuu kumi na moja, na hakuhitaji kuonyeshwa kitu mara mbili.

"Basi mie ule udi wa kule haunihusu huku," alisema. "Huku hata kahawa sijaonja." Akaketi kwenye benchi la daraja la kwanza, akakunja mikono. Bwana Harub alimtazama, midomo ikamchezacheza, lakini safari hii tiketi hakuiomba.

Ikawa ziara imeanza upya, tena nje, kwenye upepo. Tende zikaletwa, kahawa ikaletwa, halwa ikafuata. Wanawake walikaa daraja la kwanza na wanaume daraja la tatu, na baina yao hatua chache za saruji zilizotosha kwa heshima. Bi Turkiya, aliyeona wageni wamekaribishwa mara ya pili, alitoka tena jikoni na chetezo kinachofuka, uso umejaa furaha. Hakufika. Mahfoudha alimkamata kiunoni kwenye kizingiti, akamrudisha nyuma, na jukwaani wakasikia tu makaa yanayomwagiwa maji. Bibi Mwanamize aliendelea kutafuna halwa, macho kwenye mitende.

Bwana Muhanna kwa muda alikaa kama mtu aliyewekwa rumande. Kisha akauliza, kwa dharau kidogo, kama treni ina nahodha. Bwana Harub akasema ina dereva na ina gadi. Nani mkubwa? Dereva yuko mbele, gadi yuko nyuma, lakini bila ya bendera ya steshenimasta hakuna anayekwenda. Kwa hiyo steshenimasta ni kama nahodha aliyebaki bandarini, alisema Bwana Muhanna, na hilo lilimpendeza, akalisogelea. Wakaingia humo. Bwana Harub akawasimulia Nguruka, wauza asali waliokimbilia madirisha ya mabehewa, mwanamke aliyeshuka kununua kuku treni ikamwacha, akakaa nyumbani kwa steshenimasta siku nne akamfundisha Shukriya kupika mgebuka. Bi Shukriya alikuwa amemsahau mwanamke yule. Ghafla alimkumbuka mpaka sauti yake, na harufu ya samaki yule wa Kigoma, na yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na minane anacheka jikoni. Alishangaa kuona kwamba miaka yote hii alikuwa anagombana na mahali alipokuwa na furaha.

Jua likaanza kulegea. Bibi Mwanamize alijifuta vidole, akakaa sawa. Alisema kwa sauti ya kusikika mabenchi yote mawili, bila mafumbo.

"Bwana Harub, Bi Shukriya. Kijana wetu Tuwaini anamtaka binti yenu Mahfoudha, na sie tunamtaka pamoja naye. Hilo ndilo lililotutoa Sur."

Bi Shukriya alitaka kulia na kucheka. Hakufanya hata kimoja. Alijibu kama inavyotakiwa, kwamba wameheshimiwa, kwamba watashauriana na jamaa, kwamba jibu litawafikia inshallah. Nyuma ya mlango wa jikoni kitu kikaanguka, kikavunjika, na kila mtu akajifanya hakusikia.

Basi lililobaki likawa treni. Jambo lilikwisha semwa, Magharibi inakaribia, na geti liko chini. Watu walianza kumtazama Bwana Harub. Naye akasimama, akaiweka kofia sawa, akamwashiria Mzee Mahrous aliyekuwa anachungulia ukutani muda wote. Mzee Mahrous akaruka ukuta, akazikunja nyuzi zake mbio mbio, mkono juu ya mkono, akajiondoa kwenye reli na kujibanza pembeni. Alimwambia Bwana Muhanna kwa Kiarabu asimame mbali na ukingo wa jukwaa, mtu huvutwa na upepo.

Na Bwana Muhanna, mfanyabiashara wa Sur, mtu wa kuhesabu mambo, akarudi nyuma hatua mbili.

Bwana Harub aliinua bendera ya kijani. Kichwa chake kilianza kugeuka polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kama kinavyogeuka cha mtu anayetazama behewa baada ya behewa, na uso wake ukalainika. Bibi Mwanamize, ambaye maisha yake yote alikuwa amewaaga watu wanaosafiri, alinyanyua mkono akaupunga. Bi Shukriya alimtazama mumewe, kisha akatazama anakotazama, na Mungu shahidi, aliisikia. Alizisikia bati za nyumba ya reli zikitetemeka na vikombe vikigongana kabatini. Kisha ikapita. Bwana Harub akashusha bendera, akaenda kuinua mti, na watu wa Sur wakapanda gari lao wakiagana kwa heshima tele.

Jibu lilipelekwa Sur wiki iliyofuata, na kila mtu alijua litakuwa lipi.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno ya tende. Siku ya kumchukua bibi harusi magari yalijaa uwanjani, pembe zinalia, wanawake wa Sur wanaimba, Bi Turkiya anafukiza kila kinachopita mbele yake. Safari hii hakuna aliyemkataza, na Bibi Mwanamize alimwambia kwamba leo udi wake umefika kwa wakati. Mahfoudha akatiwa garini, amefunikwa kijani tupu. Magari yakaanza kutoka, na la kwanza, lenye bibi harusi, likasimama.

Geti lilikuwa chini.

Watu walicheka. Walikwisha kuizoea stesheni, wakasema steshenimasta hakubali kupitwa hata leo. Wakangoja. Nyimbo zikaisha zikaanza upya. Tuwaini alitoa kichwa dirishani akakirudisha. Bwana Harub alisimama kwenye jukwaa, kofia kichwani, bendera imekunjwa mkononi, anatazama upande treni inakotokea, na hakuitika alipoitwa.

Bi Shukriya akapanda ngazi tatu akaenda kusimama ubavuni mwake. Alikuwa amejiandaa kumgombeza. Alipofika aliona jinsi alivyoikumbatia bendera kifuani, na maneno ya kugomba yakamwisha. Wakakaa kwenye benchi la daraja la tatu, wawili tu, watu wote wanawatazama.

"Treni imeshapita, Harub," alimwambia.

"Bado."

"Imeshapita. Nimeiona mimi."

Bwana Harub aliinama akatazama mikono yake. Halafu akainuka, akaenda getini akaushika mti, na hakuweza kuuinua, ingawa debe la saruji liliufanya mwepesi hata kwa mtoto. Mkewe alimfuata akaushika upande wa pili. Wakauinua pamoja, magari yakapita moja baada ya moja, na yeye akayapungia bendera yote mpaka la mwisho.

Walipobaki peke yao akamuuliza mkewe kama ana sufuria motoni. Bi Shukriya akasema hana.